Kununua Nyumba ya Familia Lamu Ukiwa Nairobi

Mkazi wa Nairobi aliyezoea kununua ploti Kitengela au Ruiru huanza kwa kuomba nakala ya hatimiliki, na hafanyi vibaya. Lakini nyumba ya mawe katika Mji wa Kale wa Lamu mara nyingi ni ya urithi, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei uliza ni akina nani wenye haki ya kuiuza. Huenda jina lililo kwenye hati ni la babu aliyekwisha kufariki, ilhali anayekupigia simu ni mjukuu mmoja tu. Omba hati ya mahakama inayowataja warithi na msimamizi wa mirathi, ambayo kwa familia za Kiislamu huweza kutoka Mahakama ya Kadhi, kisha uhakikishe kwamba kila mrithi ameridhia kwa maandishi, hata binti aliyeolewa Mombasa au anayeishi Muscat, kwa sababu naye ana fungu lake.

Uliza pia kama unauziwa nyumba pamoja na ardhi. Pwani ipo desturi ya nyumba kusimama juu ya ardhi ya mtu mwingine, mwenye nyumba akimlipa mwenye ardhi kodi, na jambo hili halionekani kwa macho. Wakili wako, asiwe yule wa muuzaji, ndiye afanye upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, na amana, ambayo kwa mazoea ni asilimia 10 ya bei, ipitie kwa mawakili, wala si mkononi mwa dalali. Ushuru wa stempu humwangukia mnunuzi: asilimia 4 mijini na 2 mashambani.

Nyumba yenyewe nenda ukaione wakati wa masika, ukifuatana na fundi wa Lamu anayeijua kazi ya chokaa. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, nazo hupumua. Zikishapigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, na baada ya muda lipu huvimba na kubanduka vipande vipande. Kagua hasa boriti za mikoko pale zinapoingia ukutani, kwa maana hapo ndipo maji ya dari hutuama na mchwa huanzia. Fundi azigonge moja moja, na inayotoa sauti ya uwazi ihesabiwe katika gharama. Sakafu ya juu ni nzito mno, na mimi singekubali kulala chini yake kwa neno la muuzaji pekee.

Mji huo uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo zungumza na ofisi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kubomoa ukuta au kuongeza ghorofa. Bajeti ya matengenezo nayo ihesabu usafiri: mchanga na mawe huletwa kwa chombo hadi gatini, kisha punda huvibeba vichochoroni.

Mwisho, mkataba utaje kwa majina vitu vinavyobaki. Mlango wa nakshi una soko lake peke yake, na usipoandikwa pamoja na fremu yake, muuzaji anaweza kuung'oa kabla hajakukabidhi funguo.