Namna ya Kupinga Ghorofa Lisilofaa Mtaani: Mwongozo kwa Wakazi wa Arusha

Arusha inakua na watu wanahitaji mahali pa kuishi. Kwa hiyo mkazi wa Njiro au Sakina anayepinga ghorofa la jirani kwa sababu tu litamzibia Mlima Meru hatafika mbali, na kwa maoni yangu hastahili kufika mbali. Anayestahili kusikilizwa ni yule anayeonyesha ni sharti gani limevunjwa, na anayelionyesha kabla msingi haujamwagwa zege.

Anzia ofisi ya mipango miji ya halmashauri. Uliza kiwanja hicho kimepangiwa matumizi gani kwenye mchoro wa mipango miji, kama kuna maombi ya kubadilisha matumizi hayo, na kibali cha ujenzi kimeruhusu ghorofa ngapi. Kisha linganisha majibu hayo na Mpango Kabambe wa Jiji unaoelekeza ukuaji wa Arusha hadi mwaka 2035. Idadi ya ghorofa ni suala la uhai. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, liliua watu 36. Angalia pia kibao cha mradi kwenye eneo la ujenzi, kinachopaswa kumtaja mkandarasi, mhandisi na mbunifu majengo. Kisipokuwepo, Bodi ya Usajili wa Makandarasi inapaswa kuarifiwa.

Kiwanja kikiwa karibu na mto Themi, Naura au mto mwingine, pima umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na hoja hiyo ina nguvu kuliko malalamiko kumi kuhusu kelele. Maji taka nayo yaulizwe bila aibu: je, jengo litaunganishwa na mtandao wa mamlaka ya maji, au familia zote hizo zitategemea karo moja lililochimbwa ukutani kwa jirani?

Baada ya hapo, mwombeni mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, na muhtasari wake uandikwe vizuri, wenye tarehe, majina, saini na hoja zenyewe. Hapa pana jambo ambalo wakazi wengi hulipuuza. Mradi ukifanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, mshauri elekezi hupita kukusanya maoni ya majirani, na karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari inaweza baadaye kuonekana kama ridhaa yenu. Usitie saini karatasi ya namna hiyo. Andika maoni yako kwa mkono wako, baki na nakala, na nyingine ipelekwe Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Kabla uchimbaji haujaanza, piga picha za kuta zako zote, ndani na nje, pamoja na uzio na sakafu, picha zikionyesha tarehe, na ikiwezekana mtendaji wa mtaa awepo kama shahidi. Nyufa zikitokea baada ya shimo la msingi kuchimbwa mpakani, mjenzi atadai kwamba zilikuwepo tangu zamani, na bila picha hizo utabaki na neno lako dhidi ya lake.

Barua ya pingamizi iende kwa mkurugenzi wa jiji, nakala kwa diwani na mtendaji wa kata, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Itaje kiwanja kwa namba na kitalu, iweke hoja mbili au tatu zenye ushahidi, na iombe hatua mahususi, kama vile ujenzi kusimamishwa hadi ukaguzi ufanyike. Kabila la mwenye mradi, utajiri wake na uvumi kuhusu alikopata fedha visitajwe kabisa.

Mkipuuzwa, shauri dhidi ya mjenzi linaweza kufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, pamoja na maombi ya zuio la muda. Ila mkikusudia kuishtaki halmashauri yenyewe, sheria inadai notisi ya siku 90, na katika siku hizo ghorofa linaweza kupanda sana. Kwa hiyo mwoneni wakili mara tu barua ya kwanza inapokosa majibu.