SOMO: Simu isiyo na vitufe vya chini. Kidole kianzie wapi, kisimame wapi

Wakuu, salaam. Juzi jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuja na simu mpya aliyotumiwa na mwanawe. Ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. "Mwanangu, hii simu imeletwa haijakamilika. Vile vidude vya chini havimo."

Vidude anavyosema ni vile vitufe vitatu tulivyozoea: pembetatu ya kurudi nyuma, duara la nyumbani, na mraba wa kuona programu zilizofunguliwa. Simu ilikuwa nzima. Imekuja tu na mfumo wa ishara za vidole, ambao Android waliukamilisha kwenye toleo la 10 mwaka 2019, miaka miwili baada ya iPhone X kutoka bila kitufe cha nyumbani. Na wazo lenyewe ni la zamani kuliko hapo. Nokia N9 ya mwaka 2011 haikuwa na kitufe hata kimoja usoni, ilikuwa ya kupangusa tu.

Kinachowasumbua watu ni namna wanavyofundishwa. Mtu anaambiwa "telezesha juu", anatelezesha kutokea katikati ya kioo, ukurasa unapanda, basi anasema simu mbovu. Mwelekeo ni jambo dogo. Simu inaangalia kidole kimeanzia wapi, halafu inaangalia kama kimetulia kabla ya kunyanyuka. Shika hayo mawili, mengine yote yanafuata.

Hatua ya 1: Hakikisha mfumo umewashwa

Kila kampuni inaficha sehemu hii mahali pake. Wengine wameiweka kwenye mipangilio ya mfumo, wengine kwenye mipangilio ya kioo. Usihangaike kutafuta. Fungua Mipangilio, gusa sehemu ya kutafutia pale juu, andika "usogezaji" kama simu iko kwa Kiswahili, au "navigation" kama iko kwa Kiingereza. Utaona chaguo la vitufe vitatu na chaguo la ishara. Chagua ishara. Vitufe vitatoweka na chini utabaki mstari mwembamba.

Hatua ya 2: Kwenda nyumbani

Weka kidole chini kabisa, hata kianzie nje ya kioo kwenye fremu ya simu, kisha kipandishe kwa haraka na ukinyanyue. Kama mtu anayepangusa kombo la mkate mezani. Ikikataa, mara nyingi ni kwa sababu umeanzia juu zaidi, umeupita ule mstari.

Hatua ya 3: Kuona programu zilizofunguliwa

Anzia palepale chini, panda mpaka karibu na katikati, halafu kidole kitulie. Kisinyanyuke. Subiri nusu sekunde, utaona kadi za programu zinajipanga, ndipo uachie. Tofauti ya hatua hii na ya 2 ni huko kutulia tu, na hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanakwama kwa siku mbili za mwanzo.

Kadi usiyoitaka isukume juu. Ila ile tabia ya kufunga kadi zote kila baada ya dakika tano haiokoi chaji. Programu ikifunguliwa upya kutoka mwanzo ndiyo inakula zaidi.

Hatua ya 4: Kurudi nyuma

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye lawama nyingi.

Weka kidole gumba kwenye ukingo wa kioo, kushoto au kulia, popote kwa urefu wa simu ilimradi usiwe juu kabisa wala chini kabisa. Vuta kuelekea ndani kama upana wa kidole kimoja na nusu. Utaona mshale mdogo umechomoza ukingoni. Ukiuona huo mshale, achia, umerudi nyuma.

Sasa kuna kitu ambacho wengi hawakijui: kurudi nyuma kunaghairika. Ukishavuta, ukashtuka kwamba hukutaka, usinyanyue kidole. Kirudishe ukingoni ulikotoka, mshale utazama, ndipo unyanyue. Hakuna kilichotokea. Mimi nimejifunza hili kwa hasara. Nilikuwa nalipia umeme kwa ile menyu ya nyota na reli, nimeshajaza namba ya mita tarakimu zote, kidole gumba kikagusa ukingo wakati nabadilisha mshiko. Kisanduku kikafungwa, nikaanza upya toka mwanzo, gizani, na simu iko asilimia 4.

Pili, menyu ya upande. Baadhi ya programu zina menyu inayovutwa kutoka kushoto, na sasa ukivuta unarudi nyuma badala yake. Gusa ukingo, kidole kitulie kidogo, menyu itachungulia, ndipo uivute. Au vuta kwa vidole viwili kwa pamoja. Kama nayo inakusumbua, gusa vile vistari vitatu vya juu, yaishe.

Tatu, simu nyingi zina kipimo cha wepesi wa ukingo, palepale kwenye ukurasa wa usogezaji. Ukiona unarudi nyuma bila kukusudia, punguza. Na kabla hujalaumu simu, vua kava. Kava lenye kingo ndefu linazuia kidole kufika ukingoni, na protekta isiyofunika kioo sawasawa inaacha kijigingi palepale kidole kinapotakiwa kuanzia.

Hatua ya 5: Kuruka kati ya programu mbili

Telezesha ule mstari wa chini kwa ubavu. Umetumiwa namba ya akaunti WhatsApp, unataka kuiandika kwenye programu ya benki: fungua zote mbili mara moja, halafu ruka kushoto na kulia. Kwangu hii peke yake inatosha kuachana na vitufe.

Vya nyongeza

Kwenye Gboard, ile kibodi ya Google, weka kidole juu ya kitufe cha nafasi ukipeleke kushoto au kulia, utaona kishale cha kuandikia kinatembea kati ya herufi. Hakuna tena kugombana na kioo ili urekebishe herufi moja katikati ya neno. WhatsApp, ujumbe ukiuvuta kulia unaujibu wenyewe. Ukirekodi sauti, panda juu ili ijifunge uachie mkono, au vuta kushoto uitupe.

Na Google Maps kwa mkono mmoja, ukiwa umening'inia kwenye bomba la daladala: gusa mara mbili kwa haraka, ila mguso wa pili usinyanyue kidole, kisha kipandishe au kishushe. Ramani inakua na kupungua bila kubana kwa vidole viwili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Morogoro: Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu. Simu yangu tangu jana inaongea yenyewe. Nikigusa kitu inakisoma na kukizungushia mstari, lakini hakifunguki. Na kupandisha ukurasa imegoma.

Shikamoo bibi. Hiyo ni TalkBack, msaada waliowekewa wasioona. Mara nyingi inawashwa na mjukuu au na mfuko wa nguo. Bonyeza vitufe viwili vya sauti, cha kuongeza na cha kupunguza, kwa pamoja, ushikilie sekunde tatu hivi. Ikikataa, basi fuata sheria zake: gusa mara moja kuchagua, gusa mara mbili kwa haraka kufungua, na ukurasa upandishe kwa vidole viwili. Ingia Mipangilio, tafuta Ufikivu (kwa Kiingereza "Accessibility"), kisha TalkBack, uizime. Usikubali mtu akuambie simu iflashiwe, yaani ifutwe na kuwekewa mfumo upya, kwa ajili ya hili.

Mwanachama, Mbagala: Mkuu, yangu ikiwa kwenye chaji inajibonyeza yenyewe, inafungua fungua vitu. Nikiichomoa inatulia. Ni virusi?

Si virusi, ni chaja. Kioo kinatambua kidole kwa kupima mabadiliko madogo sana ya umeme juu yake. Chaja duni inapitisha umeme wenye makelele, kioo kinadhani kuna vidole. Jaribu chaja nyingine ya uhakika, na waya mwingine. Kama inaendelea hata ikiwa imechomolewa, hapo angalia kioo chenyewe, hasa kama kiliwahi kupasuka.

Mwanachama, Tanga: Nauza samaki, mikono haikauki. Ishara zinanikataa kabisa, hasa hii ya ukingoni.

Sababu ni ileile ya jibu la juu. Maji nayo yanapitisha umeme, kwa hiyo tone likitambaa kioo kinalihesabu kama kidole, au kinashindwa kujua kidole kinaishia wapi. Vitufe vinavumilia kidogo, maana ni kugusa sehemu moja tu. Ishara inadai simu ifuatilie safari nzima ya kidole. Weka kitambaa kikavu mezani, futa kioo, kisha ufute kidole gumba kimoja. Kufuta kioo peke yake hakusaidii kama kidole bado kinachuruzika. Kwa kazi yako, dada, mimi ningebaki na vitufe.

Mwanachama, Nakuru: Kwa video iliyojaa kioo chote, nikiswaipu kutoka chini hakuna kinachofanyika. Lazima nirudie.

Imekusudiwa hivyo. Video na gemu zikijaza kioo, mara ya kwanza inaamsha ule mstari tu, ya pili ndiyo inatekeleza. Bila hivyo ungetupwa nje ya gemu kila ukigusa ukingo.

Mwanachama, Mbagala (tena): Chaja nimebadilisha, imetulia. Asante mkuu. Sasa kioo kimekuza kila kitu, naona kipande tu cha ukurasa.

Umegusa mara tatu kwa haraka, umewasha ukuzaji. Gusa tena mara tatu. Kisha uzime kwenye Ufikivu, la sivyo utarudi hapa kesho.

Mwanachama, Iringa: Nimejaribu wiki nzima. Nikirudisha vitufe nitaonekana mshamba?

Rudisha, ni palepale kwenye hatua ya 1. Yule mama jirani nilimfundisha ishara zote tano kwa saa nzima, akazifanya vizuri, hata ile ya kughairi. Alipomaliza akaniuliza kama vidude vyake vinaweza kurudi. Nikavirudisha.