Kununua na kuendesha jimu ndogo Paje kwa mtu asiye Mzanzibari

Mtu anayetaka kununua ukumbi wa mazoezi Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa kawaida huja kuuona mwezi wa Januari au wa Agosti. Januari kaskazi inavuma, Agosti kusi imekaza, bahari imejaa wachezaji wa kaiti, yaani wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, nyumba za wageni hazina nafasi, na ukumbi wowote wenye benchi mbili, vyuma na feni unakuwa na watu tangu alfajiri hadi usiku. Muuzaji hana haja ya kusema neno. Ushauri wangu wa kwanza, ambao ninautanguliza mbele ya sheria na mashine kwa sababu ndio ulionigharimu zaidi, ni kwamba usikubaliane bei na mtu yeyote kabla hujakaa ndani ya ukumbi huo wakati wa masika, yaani kati ya mwisho wa Machi na Mei.

Kaa siku tatu mfululizo na daftari lako, uandike kila anayeingia: ni mgeni wa wiki moja au ni mkazi, amelipa kwa siku au ana kadi ya mwezi. Katika kipindi hicho hoteli kadhaa hufunga, njia za ndani hujaa maji, na wanaobaki ni walimu wa kaiti wanaosubiri kusi, wafanyakazi wa hoteli, wageni wanaofanya kazi zao kwa kompyuta, mafundi wa ujenzi, na vijana wa Paje, Jambiani na Bwejuu wanaopenda kunyanyua vyuma. Hao ndio biashara yenyewe. Watalii ni nyongeza. Tuseme kodi, mishahara, umeme na matengenezo ni shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mkazi analipa shilingi 60,000: unahitaji wakazi 67 wanaolipa bila kukatika ili usitoe fedha mfukoni. Ukihesabu mwezi wa Aprili ukapata 25, basi unajua kwamba Januari na Agosti zitakuwa zinailisha miezi mingine, na bei ya kununua lazima ionyeshe hivyo.

Katika daftari hilo hilo, dai kuona orodha ya kadi zilizolipiwa mapema. Mimi sikuidai. Aliyeniuzia alikuwa ameuza kadi za miezi sita kwa punguzo kubwa wiki chache kabla ya kuniachia funguo, na mwezi wangu wa kwanza watu 31 walikuja na kadi halali, wakafanya mazoezi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na cha kunilipa. Sikuwafukuza, kwa kuwa wao hawakukosa lolote. Lakini fedha zao zilikuwa zimekwisha kuondoka kisiwani. Chukua miezi iliyobaki katika kila kadi, izidishe kwa bei ya mwezi mmoja, na jumla hiyo uikate katika bei ya mauzo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kosa la watu wa Mombasa ni kudhani kwamba Unguja si ugenini. Lugha ni ile ile, tunaswali namna moja, hata mapishi hayatofautiani sana. Kisheria, hata hivyo, Mkenya aliyefika Paje ni mgeni kama alivyo mgeni Mtaliano, na tena ameingia katika nchi yenye serikali mbili, ambapo baadhi ya mambo ni ya Muungano na mengine ni ya Zanzibar peke yake. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara upande wa Bara, si kampuni ya Zanzibar. Usajili wa huku unafanywa na BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Uwekezaji unapitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar. Kodi ya ongezeko la thamani hukusanywa na ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 15, lakini kodi ya mapato, kwa kuwa ni jambo la Muungano, inabaki mikononi mwa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kwa hiyo utakuwa na majalada mawili ya kodi na kalenda mbili za kuwasilisha hesabu. Mwaka 2025 Tanzania Bara ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, Wakenya wengi waliitafsiri kama marufuku ya Tanzania nzima. Amri ile ilitokana na sheria ya leseni ya Bara, wakati Zanzibar ina sheria yake ya leseni, na ndiyo unayopaswa kuisoma, pamoja na wakili wa huku huku Unguja.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Kuingia bila viza kwa sababu wewe ni raia wa Afrika Mashariki si ruhusa ya kufanya kazi. Hata kusimama mbele ya darasa na kuhesabu marudio ni kazi. Shughulikia kibali cha kazi na cha ukaazi kabla ya kufungua mlango, wala usimwajiri mwalimu wa kigeni kwa kazi ambayo kijana wa kijijini anaiweza.

Ardhi ndiyo inayotaka subira. Zanzibar ardhi ni mali ya umma chini ya Serikali, na mgeni haimiliki. Anachoweza kupata ni ukodishaji. Maana yake ni kwamba anayekuuzia jimu hakuuzii uwanja wala jengo, bali anakuachia miaka iliyobaki katika mkataba wake, na pengine mkataba huo ni wa kukodi kutoka kwa mtu ambaye naye amekodi. Uliza imebaki miaka mingapi, kama mkataba unaruhusu kumpisha mtu mwingine, na kama mwenye eneo yuko tayari kuandika kwa mkono wake kwamba anakutambua wewe. Ikiwa imebaki miaka miwili tu, unanunua vyuma vilivyotumika na jina, basi. Uliza pia kuhusu urithi, kwa maana viwanja vya pwani vingi ni vya ukoo, na mjomba aliyeko Muscat au binti aliyeolewa Makunduchi anaweza kuwa na fungu ambalo hakuna aliyekutajia.

Njia nzuri ya kuyajua haya ni kwenda mapema kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo husika, kabla ya mwanasheria kuandika chochote. Mimi nilikwenda nikiwa tayari na mpango wa kukata mnazi ulioinamia paa la choo. Sheha, mtu mzima mwenye sauti ndogo, aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha barazani, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, huyo amekukodisha uwanja. Minazi ni ya bibi wa nyumba ile ya bati." Huku miti inaweza kuwa na mwenyewe na uwanja ukawa na mwingine, na mkataba wangu haukusema neno kuhusu minazi minne iliyosimama uani. Nilimwendea bibi huyo, tukakubaliana kwamba mnazi ulioinama nitaulipia kabla ya kuukata, na nazi za minazi mitatu iliyobaki atazichuma yeye kila zikikomaa. Mpaka leo huja na mkwezi wake, nasi tunafunga mlango wa uani nusu saa ili nazi zisimwangukie mtu.

Sasa mashine. Kinachoua vifaa vya mazoezi Paje ni chumvi iliyomo hewani zaidi ya wingi wa watu, na ukumbi unaotazama bahari, ambao ndio unaopigwa picha nzuri, ndio unaokula mashine haraka kuliko ule uliojificha nyuma, upande wa barabara. Nenda na tochi na kitambaa cheupe. Kwenye mashine za kuvuta, fuata waya wa chuma kutoka mwanzo hadi mwisho kwa vidole viwili, na usimame pale unapoingia katika kapi. Ukihisi ganda la plastiki limevimba mahali, hata kama halijapasuka, ujue ndani kuna kutu na waya huo utakatika siku moja mtu akiwa ameushika. Pitisha kitambaa kwenye zile fito mbili ambazo vyuma hupanda na kushuka juu yake. Kikitoka na rangi ya chai, mashine imeachwa miezi mingi bila mafuta. Zungusha kapi kwa mkono ukiwa umetega sikio, kwa kuwa beringi iliyoingia chumvi hutoa mlio wa mchanga. Kwenye mashine ya kukimbilia, omba ifunguliwe kifuniko cha mota. Kama shaba za ndani zimegeuka kijani, usiihesabu katika bei, kwa sababu sakiti ya kuendeshea mota ikiharibika, kuagiza nyingine na kuipitisha forodhani kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko msimu wenyewe.

Baada ya kununua, utunzaji ni kazi ya kila usiku. Kitambaa chenye maji matamu, kisha kitambaa kikavu, kwenye kila chuma kilichoguswa. Mara moja kwa wiki mafuta mepesi kwenye fito na baa. Nasema maji matamu kwa makusudi, kwa sababu visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na nimewahi kumkuta kijana wangu mwenye bidii akiosha dambeli kwa maji ya kisima kila jioni, tukawa tunashangaa kutu inatoka wapi. Badilisha boliti za kawaida utie za chuma kisichoshika kutu, moja moja, kadiri unavyoweza. Na kama paa ni la makuti, angalia sakafu asubuhi baada ya mvua kubwa ya masika: alama za matone zitakuonyesha mahali ambapo mashine haipaswi kusimama.

Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa zamani uliharibika mwaka 2008, kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, ukaharibika tena mwishoni mwa 2009 kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwaka 2013 ukawekwa mwingine wenye nguvu zaidi. Siku hizi tatizo lako la kawaida litakuwa umeme kushuka nguvu jioni, wakati viyoyozi vya hoteli vyote vimewashwa, nayo ndiyo saa ambayo ukumbi wako umejaa. Usiwe na mashine za kukimbilia za umeme zaidi ya mbili, kila moja na stabilaiza yake, yaani kifaa cha kutuliza nguvu ya umeme, na fedha iliyobaki itie kwenye baiskeli na mashine zinazoendeshwa kwa miguu ya mtu mwenyewe. Kabla ya kulipa, hakikisha mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, haina deni, kisha iandikishe kwa jina la kampuni yako.

Jambo ambalo sikuliona katika hesabu yoyote, na ambalo limeibeba jimu yangu katika miezi ya mvua, ni wanawake wa kijiji. Mwani umekuwa ukilimwa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, na wanaoulima kwa wingi ni wanawake, wanaoinama majini saa nyingi bamvua linapopwa. Tulipoweka pazia zito mlangoni, tukaajiri mwalimu mwanamke, tukatenga saa mbili za asubuhi ambazo mwanamume haingii, hata mimi, walikuja tisa, wakiwa na mabuibui yao na malalamiko ya mgongo. Mwalimu hakuwapa chuma chochote kwa mwezi mzima. Aliwafundisha kunyoosha mgongo na kuinua ndoo kwa kukunja magoti. Sasa saa hizo zina watu wengi kuliko saa nyingine yoyote mwezi wa Aprili. Hulipa kidogo, lakini hulipa kila mwezi.

Heshima ya kijiji ina mambo yake madogo ambayo mgeni hujifunza kwa kuuliza. Muziki huzimwa adhana inapoanza, wala haurudi hadi watu wametoka msikitini. Na muziki huo, kwa kuwa unapigwa mahali pa biashara, unahitaji ruhusa ya COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar. Mteja anayetoka ukumbini kwenda barabarani hujifunika, na ni kazi yako kumwambia kwa upole, ukiwa na kanga mbili tatu za kuazima pale mapokezi. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, hivyo mwaka 2026 imeangukia Februari na Machi, ndani ya kaskazi, na itazidi kusogea kuelekea Januari. Panga ratiba mbili kwa mwezi huo: ya wageni mchana, kwa utulivu, na ya wenyeji baada ya tarawehe. Wafanyakazi wako waliofunga usiwasimamishe juani.

Kuhusu wafanyakazi unaowarithi, muuzaji alipe mishahara, likizo na michango ya ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, hadi siku ya makabidhiano, na risiti uzione kwa macho yako, si picha za simu. Kisha gawa malipo ya ununuzi. Sehemu kubwa itolewe siku ya kusaini, baada ya mwenye eneo kusaini pia. Sehemu nyingine itolewe miezi mitatu baadaye, mashine zikiwa zinafanya kazi. Sehemu ya mwisho, isiyopungua robo ya bei, ibaki kwa wakili hadi masika ya kwanza yapite, na mkataba useme wazi kwamba kadi iliyouzwa kabla ya makabidhiano, deni la kodi au mrithi wa kiwanja akijitokeza katika kipindi hicho, gharama yake itakatwa humo.