Brifkesi ya ngozi kwa mkono, bila cherehani, kwa anayeanza

Habari zenu wakuu. Watu wakipita hapa barazani kwangu Ng'ambo, Tabora, wananikuta na sindano mbili mkononi wanadhani naziba kiatu, kumbe ni brifkesi, ile ya kizamani yenye mfuniko wa kuja mbele kama waliyokuwa wanabeba walimu. Nmeulizwa sana inaanzaje so naandika yote hapa. Kama ndo mara yako ya kwanza tenga wikiendi tatu, usijidanganye na moja.

Hatua ya 1: ngozi

Tafuta iliyotengenezwa kwa magome ya miti, sio ya krome (ya kemikali). Ya krome ni laini, nzuri kwa pochi, ila brifkesi yake inalala kama mfuko wa sokoni. Kuzijua ni rahisi, angalia pembeni palipokatwa, krome kwa katikati huwa na kijivu cha kubluu bluu, ya magome ni kahawia mpaka ndani, na kama haijapakwa rangi ukiidondoshea tone la maji inalinywa palepale inabaki na doa. Mbele na nyuma tumia milimita 3, ubavu milimita 2. Chukua sehemu ya mgongo, ya tumboni inavutika, hiyo iache kwa mfuko wa ndani. Futi 7 au 8 za mraba zinatosha na makosa yako humo humo.

Hatua ya 2: boksi kwanza

Kata vipande vyote kwa boksi kabla ya kugusa ngozi. Vipimo vyangu: mbele sm 38 kwa 28. Nyuma na mfuniko ni kipande kimoja, upana 38, urefu 56 (28 za mgongo, 8 za juu, 20 za mfuniko). Ubavu ni mkanda mmoja unaozunguka kushoto, chini, kulia, upana 10, urefu 96. Kona za chini zizungushe kwa kufuatisha kitako cha kikombe, kona kali itakutesa.

Kwanini upana 10 wakati brifkesi ni sm 8? Kwa sababu sm 1 kila upande inakunjwa ndo inashonewa. Mi ya kwanza nilikata 8 kamili, nikashona vizuriii, nikajisifu, laptop ikagoma kuingia. Ipo mpaka leo, naweka misumari.

Kata kwa kisu kikali na rula ya chuma, pitisha mara tatu taratibu kuliko mara moja kwa nguvu.

Hatua ya 3: vidogo vidogo kabla ya mwili

Mkono, mikanda ya kufungia na mfuko wa ndani vinafungwa SASA, wakati vipande bado viko flati. Ukishafunga mwili wa brifkesi hutaingiza nyundo humo. Mkono nazungushia ngozi kwenye kamba ya katani ili ujae kiganjani, nashona, alafu naukaza juu ya mfuniko kwa ribiti mbili kila upande.

Hatua ya 4: ubavu na gundi

Lowanisha ule mkanda kwa sponji, usiuloweke, ukunje sm 1 kila upande kwenye ukingo wa ubao, bana na vibanio vya nguo ukitanguliza kipande cha ngozi chini yake maana ngozi iliyolowa inashika alama ya kila kitu, uache ukauke kivulini. Pakishakauka kwaruza kwa msasa sehemu za gundi, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haikushiki kidole ndo ubandike ubavu kwenye kipande cha mbele na cha nyuma. Oktoba hapa Tabora joto likiwa lenyewe haichukui muda, so paka kipande kwa kipande. Anza KATIKATI ya chini kwenda pembeni, sio upande mmoja kwenda mwingine, la sivyo brifkesi inapinda. Kwenye kona lowanisha tena uvute ngozi kidogo kidogo, ikizidi juu kata.

Hatua ya 5: matobo na mshono

Piga mstari milimita 4 kutoka ukingoni. Huna kifaa cha kupimia matobo? Chukua uma wa kulia chakula, gandamiza juu ya mstari, alafu jino la kwanza lirudishe kwenye alama ya mwisho, endelea hivyo hivyo, nafasi zinatoka sawa. Toboa na msharasi (ile sindano nene ya mafundi viatu yenye mpini) ukiwa umeusimamisha wima, ukilala tu nyuma mstari unakuwa wa mlevi.

Uzi ni mara nne ya urefu wa mshono. Mzunguko wa upande mmoja ni kama sm 94, yani uzi karibu mita 4, mkono haufiki, gawa mara mbili. Upake nta ya nyuki, na hapa kwetu nta ipo, ila inuse kwanza, nzuri inanukia asali, ikinukia mshumaa achana nayo. Sindano moja kila ncha. Ya kushoto inapita tobo, ya kulia inarudi tobo lile lile, vuta zote kwa pamoja, nguvu ile ile kila mara. Cherehani uzi ukikatika sehemu moja unafumuka, huu hata ukikatika mwingine umebaki umeshika. Mwisho rudi nyuma matobo matatu, kata, choma ncha kama ni nailoni. Vidole vitauma, zungushia plasta.

Hatua ya 6: kingo

Msasa mpaka tabaka zote zionekane kama moja, maji kidogo, sugua na kipande cha jinzi kwa nguvu mpaka pang'ae, kisha nta, sugua tena. Jaza magazeti ndani, funga mfuniko, weka kivulini usiku mzima ishike umbo, juani usithubutu itakakamaa.