Friji Inayomaliza Tokeni: Namna ya Kuipima na Kuitengeneza Nyumbani

Wengi wanaoniita kuwatengenezea friji hapa mjini Amu (Lamu) hulalamika kwamba tokeni, yaani umeme wa kulipia kabla, hazikai, na lawama yote huiangushia taa zilizosahauliwa usiku. Hesabu yasema vingine. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia yuniti (kilowati-saa) 1.35 kwa mwezi, na feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 kila usiku hutumia yuniti 14.4, ilhali friji kuukuu inayokula yuniti moja na nusu kwa siku hufikisha 45. Viwango vya bei vilivyoanza Kenya mwezi wa Aprili 2023 viliweka daraja la chini kabisa kwa nyumba zisizozidi wastani wa yuniti 30 kwa mwezi, kwa hiyo friji kama hiyo, hata bila ya taa moja, imekwisha kukutoa katika daraja hilo.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote. Usiku, wakati wa kulala, chomoa kila kitu isipokuwa friji, uandike yuniti zilizobaki kwenye mita, kisha usome tena baada ya saa 10. Tofauti hiyo igawanye kwa 10, uzidishe kwa 24. Jibu utakalopata ni la chini kuliko hali halisi, kwa sababu usiku kuna ubaridi na mlango haufunguliwi, lakini latosha kulinganishia baadaye.

Hatua ya 2: Iondoe friji ukutani. Katika nyumba za mawe nimezikuta friji zimesukumwa ndani ya pembe ya ukuta mnene, pasipo hata upenyo wa kidole. Friji haitengenezi baridi. Huchukua joto lililomo ndani na kulitoa nje, na joto hilo lisipopata pa kwenda, kompresa, yaani pampu ya gesi ya friji, hufanya kazi bila ya kupumzika. Acha sentimita 10 nyuma, na usiiweke karibu na jiko.

Hatua ya 3: Chomoa plagi, kisha usafishe wavu wa nyuma kwa brashi laini. Vumbi letu huchanganyika na unyevu wa chumvi likaganda, basi rudia kazi hii kila baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 4: Kagua mpira wa mlango. Hapa ndipo umeme mwingi hupotea, na ndipo watu wasipotazama. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango, nusu ikibaki nje, uivute. Ikitoka bila ya kushikwa, hewa ya joto inaingia mahali hapo. Jaribu pande zote nne, hasa chini na upande wa bawaba. Mpira wenye ukungu uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Uliokauka na kukunjamana ukande kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kisha ufunge mlango mpaka upoe ukiwa umekaa sawa. Uliopasuka hauna dawa ila kubadilishwa. Mama mmoja wa mtaa wa Langoni alikuwa tayari kununua friji mpya, kumbe mpira ulikuwa mzima na kosa lilikuwa sakafu ya chokaa iliyoinama mbele, mlango ukawa haujifungi vizuri. Tulizungusha miguu ya mbele ikapanda kidogo, kazi ikaisha.

Hatua ya 5: Tumbukiza kipimajoto katika bilauri ya maji, uiache ndani ya friji usiku kucha. Nyuzi 4 za Selsiasi zatosha, na kwenye friza 18 chini ya sifuri. Watu huzungusha kitufe cha baridi hadi mwisho wakati wa joto la kaskazi wakidhani kwamba friji itapoza upesi zaidi, nayo haifanyi hivyo. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, zima friji uiache iyeyuke yenyewe. Tafadhali usiikwangue kwa kisu: mabomba ya gesi yamepita nyuma tu ya ukuta wa friza, na gesi ya friji nyingi za siku hizi hushika moto.

Hatua ya 6: Baada ya siku tatu rudia kipimo cha hatua ya 1, kwa saa zile zile. Namba isiposhuka, na kompresa ikawa haizimiki hata alfajiri mlango ukiwa umefungwa usiku kucha, mwite fundi akague gesi na kidhibiti-joto kabla hujanunua tokeni nyingine.