Kufundisha timu ya besiboli ambayo mwanao yumo

Huku Marekani, ligi ya watoto ya mtaani ikikosa kocha, macho huwageukia wazazi waliosimama kando ya uzio. Ukikubali, fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Maliza makaratasi. Timu ikiwa chini ya Little League, shirika linalosimamia ligi za besiboli za watoto, kila mzazi anayejitolea huchunguzwa rekodi ya uhalifu kila mwaka na kupitia somo la kuwalinda watoto dhidi ya unyanyasaji. Usingoje wiki ya mwisho.

Hatua ya 2: Muulize mwanao kama anataka umfundishe. Akisema hapana, kuna kazi nyingine, hata kuandika matokeo kwenye timu nyingine. Akikubali, elewaneni kwamba uwanjani wewe ni kocha. Akiteleza akakuita Baba mbele ya wenzake, itika tu.

Hatua ya 3: Tafuta msaidizi, umkabidhi mwanao. Yeye ndiye amrekebishe anavyoshika gongo la kupigia mpira na anavyosimama. Neno lako, hata liwe la upole, mtoto hulisikia kama karipio la nyumbani. Wewe mfundishe mtoto wa msaidizi. Mkibadilishana hivyo, wote wawili husikiliza vizuri zaidi.

Hatua ya 4: Panga nafasi kwenye karatasi usiku wa kuamkia mechi. Hapa ndipo ugomvi wa wazazi unapoanzia, kwa hiyo usiharakishe. Chora jedwali: majina kushoto, inningi 6 juu, yaani vipindi ambavyo kila timu hupiga na kulinda kwa zamu. Kila nafasi ina namba yake: 1 ni mrushaji, 2 mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, hadi 9, mlinzi wa sehemu ya mbali ya uwanja upande wa kulia, wanakofichwa watoto wasiojua kudaka. Ukiwa na watoto 12, nafasi ni 54 kwa mechi nzima, na zamu za benchi ni 18. Kwa hiyo 6 watakaa benchi mara moja na 6 mara mbili. Mechi ijayo wageuze. Kanuni ya Little League inataka kila mtoto apige walau mara moja na awe kwenye ulinzi hadi wapinzani 6 watolewe, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa.

Msitari wa mwanao ajaze msaidizi. Kuna kocha anayempa mwanawe namba 1 kila mechi, na kuna anayemkalisha benchi kupita wenzake ili aonekane mtu wa haki. Huyu wa pili husifiwa, ila anayeumia ni mtoto. Mzazi akija na manung'uniko, mwonyeshe karatasi za mechi zilizopita, basi.

Hatua ya 5: Hesabu mitupo ya kila mrushaji. Mwenye miaka 9 au 10 mwisho wake ni mitupo 75 kwa siku, wa 11 na 12 ni 85. Akifikia kikomo mpigaji akiwa bado amesimama, anaruhusiwa kuendelea kumrushia hadi zamu ya mpigaji huyo iishe. Kisha kuna mapumziko: kwa walio na miaka 14 kushuka chini, mitupo 66 na zaidi ni siku 4 bila kurusha, 20 kushuka chini, hakuna haja ya kupumzika. Aliyefikisha 41 haruhusiwi kuwa mdakaji siku hiyo. Hesabu ashike mtu mwingine, hasa mwanao anaporusha. Kiwiko cha mtoto bado kinakua, na mtoto mwenye hamu ya kushinda hatakwambia kinauma. Ukimwona anakung'uta mkono kila baada ya mtupo, mtoe, hata kama bado ana mitupo 40 mkononi.

Hatua ya 6: Mkishaingia kwenye gari, ukocha umeisha. Kama umeona kosa kwenye upigaji wake, mwandikie msaidizi ujumbe, atalishughulikia mazoezi yajayo.