Kabla ya Kufunga Begi la Kwenda Nyumbani: Vitu vya Hatari Katika Ndege za Abiria

Mtu anayerudi Dar es Salaam, Mombasa au Kigali kutoka ughaibuni kwa kawaida hushughulishwa zaidi na kilo, kwa kuwa kila pembe ya begi lake ina ndugu anayesubiri kitu. Uzito ukizidi utalipia, basi. Kinachostahili kukaguliwa kwa makini zaidi ni vitu vyenyewe, kwa sababu kanuni za bidhaa za hatari, zinazotokana na maelekezo ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hazijali kitu kimenunuliwa wapi bali kitafanya nini kikipata joto, kikigongwa au kikivuja ndege ikiwa angani.

Betri za lithiamu ndizo zinazobebwa na karibu kila abiria. Pawabenki, pamoja na betri yoyote isiyokuwa ndani ya kifaa chake, huhesabiwa kuwa betri ya akiba na mahali pake ni begi la mkononi tu. Betri ya aina hiyo ikiharibika ndani hujipasha joto yenyewe, seli moja ikiichochea nyingine, na gesi ya haloni inayotumika kuzima moto katika tumbo la ndege huweza kufifisha miali lakini haiwezi kuipoza betri. Ndani ya kabini, kinyume chake, moshi huonekana mapema na wahudumu huimwagia betri maji mengi hadi ipoe.

Kikomo cha kawaida cha kila betri ni wati-saa 100, kipimo cha nishati inayohifadhiwa ndani yake. Ikiwa pawabenki yako imeandikwa miliampea-saa peke yake, igawe namba hiyo kwa 1,000 kisha uizidishe kwa volti za betri, ambazo mara nyingi ni 3.7. Ya 20,000 itatoa 74, nayo inapita. Ya 30,000 itatoa 111, na hiyo inahitaji idhini ya shirika la ndege, kama zilivyo betri zote za kati ya 100 na 160, ambazo hata kwa idhini hazizidi mbili za akiba kwa abiria mmoja. Mashirika mengine ni makali zaidi: tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates huruhusu pawabenki moja tu, isiyofika wati-saa 100, na hairuhusu itumike ndani ya ndege. Pawabenki ya bei chee isiyo na maandishi yoyote ni afadhali kuiacha.

Wengi hukosea mlangoni mwa ndege. Ndege ikijaa, mhudumu hulichukua begi lako la mkononi likawekwe chini, nawe kwa haraka unalikabidhi pamoja na pawabenki iliyomo; itoe kwanza, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Na simu ikidondokea katikati ya kiti kinacholala, usikisogeze kiti kuitafuta, maana chuma cha kiti huweza kuiponda betri. Mwite mhudumu.

Wanaotoka Muscat na Dubai wana jambo lao. Manukato na vipodozi vya kupulizia vinaruhusiwa ikiwa kila chupa au kopo halizidi nusu lita na jumla yake haizidi lita 2, mradi yanayobebwa mkononi yafuate kanuni ya vimiminika ya uwanja husika. Udi wenyewe hauna tatizo. Tatizo ni ule mkaa wa chetezo wa viduara, uliofungwa kwa karatasi ya fedha na kutiwa kemikali ili ushike kwa njiti moja: huo haubebwi katika begi lolote, na kusema kweli mkaa haujaadimika Lamu wala Tanga. Kwa vinywaji, pombe ya zaidi ya asilimia 24 hadi 70 haipaswi kuzidi lita 5 na lazima iwe katika chupa zake za dukani, kwa hiyo waragi wa kienyeji uliomiminwa katika chupa ya maji hautapokelewa.

Vipuri vya gari ndivyo vinavyowaponza wengi, kwa sababu vinaonekana kuwa chuma tu. Mfuko wa hewa wa usukani una kilipukaji, shokomzoba nyingi zina gesi iliyoshindiliwa, na jenereta iliyowahi kutiwa petroli hubaki na mvuke hata baada ya kumwagwa. Vitu hivyo vitume kwa meli.

Ukiamua kutuma shehena kwa wakala, muulize kama itapanda ndege ya abiria au ya mizigo pekee, kwa maana tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zilizofungashwa peke yake haziruhusiwi kusafirishwa kama shehena katika ndege za abiria. Andika yaliyomo kwa jina lake halisi. Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya ValuJet iliyotoka Miami ilianguka na kuua watu wote 110 baada ya vizalisha-oksijeni vya kemikali kuwaka katika sehemu ya mizigo. Hati zake zilisema ni mitungi mitupu. Wakala akikushauri uandike "nguo" ili mzigo upite haraka, chukua mzigo wako utafute mwingine.